Bibi Anayeomba Maganda

4 Novemba

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikiinama. Kuku wazima. Nyumba nayo nzima, isipokuwa ule ufa wa ukuta wa nyuma, sasa umepanda mpaka dirishani.

Naandika mwenyewe. Herufi zangu kubwa kama za mtoto wa darasa la pili kwa sababu ndipo nilipoishia. Usicheke. Simu nilishakwambia siitaki. Maneno yangu mimi si ya kukatiwa katikati kwa sababu salio limekwisha.

Sasa sikiliza. Mjomba wako alikuja Jumapili. Akala, akanyamaza, nikajua kuna jambo, maana huyo tangu utoto akinyamaza basi kavunja kitu. Akasema, "Mama, lile shamba limechoka. Mwaka juzi ulivuna kidogo, mwaka jana umevuna mabua. Mfyatua matofali analitaka. Atachimba udongo, atachoma tanuri pale pale, na sisi atatupa matofali ya kukujengea ukuta mpya kabla huu haujakuangukia usingizini."

Nikamwuliza, "Na akishachimba kitabaki nini?"

Akasema, "Shimo."

Angalau sikuzaa mwongo.

Nilimtoa nje na mwiko. Akarudi, akasimama mlangoni, akasema haya, msimu mmoja. Nipande mvua zijazo. Shamba likinilisha, hatalitaja tena mpaka nife. Likinipa mabua, mfyatua matofali anaingia. Nikakubali kwa hasira. Hasira haijawahi kunishauri vizuri, lakini nimeshakubali, na mimi neno langu silimezi.

Sasa wewe. Unajua kazi yako sijaipenda. Nimekulea kwenye ua unaofagiwa asubuhi na jioni, ukaenda mjini kuzoa taka za watu! Majirani nawaambia uko manispaa. Wakiuliza manispaa unafanya nini, nawaambia wana maswali mengi kuliko karani. Lakini likizo iliyopita ulianza kusema kwamba huko kwenu taka za sokoni mnazigeuza mbolea, nami nikakwambia uchafu hauzungumzwi mezani. Haya, uzungumze. Inafanywaje? Mbolea ya dukani siitaki. Ataninunulia mjomba wako, halafu atasema yeye ndiye aliyelilisha shamba.

Jibu upesi, na uandike kwa kusomeka.

Bibi yako


15 Novemba

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, naoga kila siku nikitoka kazini. Pole na goti.

Barua yako niliisoma nimesimama getini. Wenzangu walidhani nimepata msiba kwa jinsi nilivyokunja uso, mpaka nilipofika kwenye mwiko.

Bibi, nimefurahi umeuliza. Nakumbuka nikiwa mdogo ulikuwa unafagia ua, unakusanya majani na mabua, unachoma. Moshi ule wote ulikuwa chakula cha shamba kinachopanda mbinguni. Sasa usichome tena. Tafuta kona yenye kivuli nyuma ya jiko. Chini tandaza mabua yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite. Juu yake weka mabichi: maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai. Kisha samadi ya kuku wako na udongo kidogo. Halafu makavu tena, halafu mabichi, mpaka lifike kiunoni. Usitie nyama, usitie mafuta, wala mfuko wa plastiki. Nyunyizia maji liwe kama nguo iliyokamuliwa, funika na gunia kuukuu.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe, kishike. Kikiwa cha moto, lundo linapika. Kikiwa baridi, niandikie. Kila baada ya wiki mbili hivi ligeuze kwa beleshi, la ndani litoke nje. Likishakuwa jeusi, linanukia kama ardhi baada ya mvua, na hujui tena ganda lilikuwa lipi, hiyo ndiyo mboji. Ukianza sasa, mvua zitakukuta tayari.

Usimchukie mjomba. Anauogopa ule ukuta.

Mjukuu wako


9 Desemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi tupo, ila mimi nimekasirika, kwa hiyo salamu zinatosha.

Lundo lako limekataa. Nimefanya yote uliyoandika. Nimekata mabua mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Nimepanga tabaka kama mtu anayepanga nguo sandukuni. Maganda niliyaosha. Usiniulize kwa nini, wewe unanijua. Kitu kichafu hakitoki mikononi mwangu kwenda popote, hata kama kinakwenda jalalani. Niliyaloweka kwa sabuni ya unga, nikayasuuza maji mawili, nikayaanika kwenye kamba ya nguo, nikayatia. Mshonaji wa jirani alipita akaona maganda ya ndizi yameanikwa safi, akasema, "Mama, hayo unayavaa lini?" Nikamwambia siku ya harusi yake, kama itakuja.

Pamoja na usafi wote huo, baada ya siku chache likaanza kunuka. Na upepo unakwenda kwa mshonaji! Mimi ninuke kwa jirani? Nikaenda dukani nikanunua dawa ya choo, ile kali, nikamwaga chupa nzima.

Sasa halinuki. Linanukia kama wodi. Lakini kijiti nikikichomoa ni cha baridi kama pua ya mbwa, na yale maganda yako vile vile yalivyokuwa, yanang'aa. Mjomba wako alikuja kuchungulia, akaguna. Nimeujua ule mguno. Ni wa mtu anayehesabu matofali.

Eleza kosa liko wapi. Kwangu haliko.

Bibi yako


18 Desemba

Bibi,

Shikamoo sana. Mzima mimi, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Nisamehe. Msimamizi wetu aliniona nafuta machozi akataka kujua, nikamsomea. Alikaa chini juu ya ndoo. Amesema yuko kazini miaka mingi na hajawahi kusikia lundo lililofuliwa.

Bibi yangu, wanaopika mle ndani ni wadudu wadogo mno, macho hayawaoni. Wao ndio wanaotafuna maganda, na joto la kijiti ni joto la kazi yao. Wewe umewaletea sabuni, halafu ukawamalizia na dawa ya choo. Hawakuwa na pa kukimbilia.

Usilie juu ya hilo, lianze upya mahali pengine, na lile la zamani lisiguse shamba. Na likinuka, halihitaji dawa. Maana yake limelowa kupita kiasi au halipumui. Ongeza makavu, ligeuze, harufu itaondoka yenyewe. Lundo zuri halinuki, naapa.

Lakini kuna jambo jingine, na naliandika nikiwa mbali na mwiko. Maganda ya mtu mmoja hayatoshi shamba zima. Unakula kama ndege. Waombe majirani. Wanatupa kila siku kilicho bora kuliko mbolea ya dukani. Mimi nikipata likizo mwishoni mwa Februari nitakuja na magunia ya mboji iliyoiva kutoka hapa kituoni. Msimamizi ameruhusu, anasema ni zawadi ya kicheko. Yako na yangu pamoja itaenea shamba zima.

Mjukuu wako


11 Januari

Mjukuu wangu,

Uzima upo. Aibu nayo ipo, maana umenisomea mbele za watu. Mwambie huyo msimamizi wako anayekaa juu ya ndoo kwamba nyumba yake siijui, lakini nina hakika ua wake haufagiwi.

Lundo jipya nimelianza. Sijaosha kitu. Nilitia maganda yale machafu mle ndani nikajisikia kama ninayeiba. Siku ya nne nikachomoa kijiti. Mjukuu wangu, kilinichoma! Nilikishika tena kuhakikisha. Nikakaa pale kwenye kigoda, nikakichomeka, nikakichomoa, kama mtoto aliyepata filimbi. Asubuhi kulipokuwa na baridi lilifuka moshi kidogo pembeni. Nikasema, kumbe kuishi kwingi ni kuona mengi.

Ila ni dogo. Hilo umesema kweli. Linafika gotini na linazidi kuzama.

Kuhusu kuomba majirani, hapana. Mimi tangu niolewe sijaomba mtu chumvi. Sijaomba kiberiti. Babu yako alipofariki sikuomba hata kiti, walikaa chini. Leo nigonge mlango wa mshonaji nimwambie nipe takataka zako? Wewe umezoea kupokea uchafu wa watu kwa sababu unalipwa. Mimi nitangoja magunia yako. Njoo nayo mapema, mvua haingoji likizo ya mtu.

Bibi yako


20 Februari

Mjukuu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Barua yangu ya Januari hukuijibu. Pengine maneno yangu ya mwisho yalikuuma. Kama yalikuuma, sema, nitakwambia kwamba hukupaswa kuumia.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa milimani. Watu wameshatifua. Mimi nimetifua nusu ya juu, ile iliyo karibu na nyumba, na goti limesema imetosha. Mboji yangu imeiva. Nyeusi, laini, ukiibonyeza inaachia. Nilimwonyesha mjomba wako, akainusa, akasema, "Haina harufu." Hakuguna safari hii. Lakini inatosha vishimo vichache tu.

Unakuja lini na magunia?

Bibi yako


6 Machi

Mjukuu wangu,

Mvua imenyesha mara mbili. Hukuja.

Nilikwenda kwa kinyozi kuomba simu. Ndiyo, nimeomba. Akanipigia. Akatoka mwanamke anasema kwamba unayempigia hapatikani. Nikamwuliza yeye ni nani, na amejuaje kwamba hupatikani, na yuko na wewe wapi. Akarudia maneno yale yale bila adabu. Kinyozi na wateja wake walicheka mpaka wembe ukawekwa chini. Baadaye wakanieleza kwamba ni mashine. Mashine au si mashine, ajue namna ya kumjibu mtu mzima.

Magunia yaache. Nasema yaache kabisa. Niandikie mstari mmoja tu kwamba uko hai, nitakutukana baadaye.

Bibi yako anayengoja


14 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe, na usishtuke kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, sasa na mimi ni wa darasa la pili.

Niko hai. Mwezi uliopita tulikuwa tunapakia taka za mtaa mmoja wa maghorofa. Mtu alikuwa ametia chupa iliyovunjika ndani ya mfuko wa maganda, akaufunga vizuri. Nilipoukumbatia, kioo kikapita kwenye glavu kikaingia kiganjani, mkono wa kulia. Nilidhani ni kidogo. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kupakia. Baada ya siku mbili mkono ulivimba hadi kiwiko, nikapata homa nikawa naongea ovyo. Nimelazwa. Wamenipasua kuondoa usaha. Simu sijui ilipotelea wapi katika hekaheka hizo. Barua zako zote mbili kaniletea msimamizi jana, pamoja na ile ya Januari iliyokuwa imekwama ofisini. Nimezisoma kwa pamoja, nikalia, halafu nikafika kwa yule mwanamke wa kwenye simu, nikacheka.

Maneno yako hayakuniuma, Bibi. Daktari anasema vidole vyote vitafanya kazi, ila hivi viwili polepole.

Kinachoniuma ni magunia. Nilikuahidi, na mvua ndiyo hii. Weka mboji yako konzi moja moja katika kila shimo la mbegu, usimwage shamba zima. Itakwenda mbali kuliko unavyodhani. Nisamehe kwa ile nusu nyingine.

Mjukuu wako


25 Machi

Mjukuu wangu, jicho langu,

Pole. Pole. Pole. Nimeiandika mara tatu kwa sababu sikuwepo kukushika huo mkono. Namshukuru Mungu kwa vidole vyote, hata hivyo viwili vivivu. Mshukuru na msimamizi wako, nimeondoa yale niliyosema kuhusu ua wake.

Usiombe msamaha wa magunia tena. Ukirudia nitapanda basi.

Sasa nikueleze, na ukicheka ucheke polepole usiufungue mshono. Ile barua niliisomea nje, nimesimama. Nilipofika kwenye kioo, nikaangalia ndoo ya taka ya mshonaji pale mlangoni kwake. Nikaifunua. Ndani kulikuwa na maganda, na vitambaa, na juu yake sindano ya cherehani iliyovunjika. Nikajikuta nimeshapiga hodi.

Nikamwambia, "Mwanangu, mjukuu wangu anazoa taka." Hivyo hivyo, kwa mdomo wangu. "Hayuko ofisini. Anakumbatia mifuko kama hii yako kwa mikono yake, na mtu mmoja asiyejali kamtilia chupa, leo yuko hospitali. Kuanzia leo maganda yako tia kwenye ndoo hii yangu. Sindano na vioo vifunge peke yake kwenye kopo. Ukinichanganyia nitakujua."

Nilidhani atanicheka. Akanikalisha. Akasema kumbe kazi yako ni ngumu hivyo, akanipa na maji ya kunywa. Nikatoka pale nimepata nguvu, nikaenda kwa muuza chai. Huyo anatupa majani ya chai ndoo kwa ndoo! Nikaenda kwa seremala, akanipa maranda ya mbao gunia tele, tena akanibebea. Mwalimu mstaafu alitaka kwanza nimweleze faida zake, nikamwambia faida ya kwanza ni kwamba nitaondoka mlangoni kwake. Kinyozi amenipa nywele. Nimezitia, msimamizi wako aseme kama nimekosea.

Mtaa mzima sasa unaniita Bibi Maganda. Watoto wananiimbia nikipita na ndoo. Mwanzo nilitaka kuwachapa. Siku hizi nikisikia wimbo najua mama zao wataleta ndoo nje.

Shamba: nusu ya juu nimepanda mahindi na maharage kwa mboji yangu, konzi moja moja kama ulivyosema. Nusu ya chini nimeipanda kavukavu, sikuwa na cha kuitilia. Lundo jipya linanifika kifuani. Linafuka kama chungu cha watu wengi. Likiiva nitalirundika kwenye mashina.

Kula. Lala. Usirudi kazini kwa ushujaa.

Bibi yako


30 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mkono umepona, kovu limebaki kama mstari wa reli. Nimerudi kazini tangu wiki iliyopita, ila wamenihamishia ndani ya kituo, kwenye kugeuza malundo. Uma una mpini mrefu, sigusi kioo.

Barua yako ya Machi imebandikwa ukutani ambapo tunabadilisha nguo. Si kwa kukucheka. Kuna mzee mmoja kwenye zamu yetu, mtu mkimya, amezoa taka tangu ujana. Aliisoma pale uliposema "mjukuu wangu anazoa taka," akasema, "Wangu mimi hawajawahi kumwambia mtu." Kila asubuhi sasa akiingia ananiuliza Bibi hajambo.

Asante, Bibi. Nilikuwa nakuja likizo napitia njia ya nyuma ili majirani wasiniulize kazi yangu. Ulijua?

Nywele zinafaa. Msimamizi kasema zinaoza polepole tu, uzitawanye, zisikae bonge.

Mahindi yamefika wapi? Mjomba anasemaje? Sipati usingizi nikifikiria ile nusu ya chini.

Mjukuu wako


19 Julai

Mume wangu mdogo,

Marahaba kwako, na kwa msimamizi, na kwa yule mzee wa zamu. Mwambie sijambo, na kwamba siku akipita huku kuna chai. Goti bado, lakini nimelizoea, na lenyewe limenizoea.

Nimechelewa kuandika kwa kuwa sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Mvua ilikatika mapema, kabla lundo kubwa halijaiva. Nusu ya chini mahindi yalifika kiunoni, yakakunja majani, yakafa yakiwa yamesimama. Nusu ya juu, ardhi ilishika maji. Nilikuwa nikichimbua kwa kidole naikuta mbichi wakati kwa jirani kuna vumbi. Nyungunyungu wamerudi, wanene, sijawaona humu tangu mama yako akiwa hajaota meno. Mahindi yamebeba. Maharage nimeshayachuma, nayala mpaka sasa, na mshonaji anakula, na muuza chai anakula.

Lakini nusu ni nusu. Mjomba wako alikuja wiki iliyopita na mfyatua matofali. Sikuchukua mwiko. Niliahidi msimu mmoja, msimu umekwisha, nikakaa kwenye kigoda changu pembeni ya shamba nikawatazama. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikaona kitambaa cha kifua kinacheza.

Mfyatua matofali ni mtu wa kazi, hana maneno. Akaanzia chini. Akachimba, akatema mate kwenye udongo, akauviringisha mkononi ukawa kama mjusi, haukukatika. Akafurahi. Akasema, "Huu mzuri sana."

Akapanda juu. Akachimba, akatema mate, akaviringisha. Ukamvunjikia. Akajaribu tena, ukamvunjikia, na nyungunyungu mmoja akamwangukia kwenye kiatu. Akasema, "Huku hapana. Hili tofali litapasuka kabla halijaona moto."

Mjomba wako akasimama katikati, pale shamba linapogawanyika, mahindi mkono huu, vijiti mkono huu. Akamwuliza, "Na kule chini kulikoharibika ndiko unakokutaka?"

Yule akasema, "Hakujaharibika, ndugu. Kwangu ndiko kuzuri. Udongo ukishamfia mkulima ndipo unaponifaa mimi."

 Mwanangu akavunja hindi moja, akalimenya, akalitazama limejaa mpaka ncha. Nilipoona amenyamaza, nikasema haya, sasa anavunja nini. Kisha akamwambia yule bwana, "Nisamehe kwa kukupotezea muda. Tafuta kwingine."

Yule alipoondoka nikamwambia, "Nusu haikufaulu. Ulisema shamba likinilisha."

Akasema, "Mama, umelishwa wewe, na mtaa mzima unajamba maharage yako. Unataka niseme nini zaidi?" Huyo ni mwanangu kweli. Ule ukuta ameuegemeza kwa magogo mawili ya seremala, na atauondoa na kuujenga polepole, tofali za mtu mwingine, shimo la mtu mwingine. Nimemwambia usiku nahamia chumba cha mbele mpaka amalize, aache kuota ndoto mbaya.

Umeniuliza kama nilijua unapitia njia ya nyuma. Nilijua. Nilikuwa nafungua lile geti la nyuma mwenyewe kabla hujafika. Safari hii limefungwa kwa kufuli. Utapita mbele, kwa muuza chai, kwa kinyozi, kwa mshonaji, na kila mmoja atataka kuuona mkono, na mwalimu mstaafu ana maswali yake kuhusu maranda ya mbao. Wajibu vizuri. Wanakusubiri kuliko mimi.

Sasa neno ambalo sikuzoea kuliandika. Asante. Shamba ni lako kama lilivyo langu, umelifufua kwa barua na mkono mmoja. Nimeandika mara moja, inatosha, kalamu inauma.

Mjomba wako kauliza lundo linageuzwa siku gani. Nimemwambia Jumamosi asubuhi, aje na beleshi lake na asivae viatu vya maana. Nitakaa kwenye kigoda nimtazame akitoka jasho, na akikosea nitamwambia. Nusu ya chini inatungoja, na mvua haziko mbali.

Bibi yako